Kijitabu cha buku mbili kuhusu Ufalme

Nilikinunua kwenye meza ya vitabu nje ya kanisa, baada ya ibada ya pili. Hoja yake ni kwamba Ufalme wa Yesu hatuusubiri, tumo ndani yake: ndio Kanisa. Maelezo ya Wakolosai 1:13 yamenikamata. Paulo anasema Mungu "akatuhamisha". Yaani tumeshahama, na vyombo tumeshashusha! Marko 9:1, pale Yesu anaposema baadhi ya waliosimama hapo hawatakufa kabla ya kuuona Ufalme ukija kwa nguvu, kimeiunganisha vizuri sana na Pentekoste, siku Roho Mtakatifu aliposhuka.

Ila "Ufalme wako uje" ya Mathayo 6:10, inayoomba kana kwamba Ufalme bado haujaja, wameipitia mbiombio. Mama mkwe, Msabato wa kuzaliwa, alinibana hapohapo nikabaki natazama chai. Maandishi madogo kama ulezi, na gundi imeshaachia. Nimeagiza vingine vitatu vya jumuiya yetu.