Elektroni au mwanga: hadubini ipi kwa sinapsi?
Mwanafunzi mmoja wa udaktari hapa Moshi aliniuliza ni hadubini ipi ingemfaa kuchunguza sinapsi, yaani mahali ambapo seli za neva hupashana habari kwa kemikali inayovuka mwanya wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Hadubini ya elektroni huonyesha kila kitu: utando, mwanya wenyewe, na vifuko vya kemikali vyenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, vimesongamana kama punje za ulezi kwenye ungo. Lakini tishu hiyo imekwisha kufa, imelowekwa katika kemikali ya metali nzito iitwayo osimiamu, ikagandishwa ndani ya resini, yaani gundi ngumu kama plastiki, na kukatwa vipande vyembamba mno. Umbo limebaki, mwendo haupo tena. Hadubini ya mwanga inayovuka kikomo cha kale cha udogo ambao mwanga huweza kupambanua, takriban nanomita 200, ambayo kuibuni kuliwapatia wanasayansi Betzig, Hell na Moerner Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014, inaweza kufuatilia molekuli mojamoja katika seli iliyo hai. Kasoro yake, ambayo wauzaji hawaitaji sana, ni kwamba huonyesha kile tu kilichotiwa rangi ing'aayo. Mengine yote hubaki gizani. Kwa kuwa swali la mwanafunzi huyo lilihusu jinsi vipokezi, yaani molekuli zinazoipokea kemikali hiyo, vinavyohama kwenye utando, nilimshauri aanze na mwanga.