Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939: inawajua wageni kuliko wenyeji

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vikuukuu anayetandaza bidhaa zake kando ya barabara huku Wandegeya, Kampala, kwa shilingi 40,000, na nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba karatasi za mwisho, kuanzia katikati ya herufi Z, zilikuwa zimenyofolewa. Alinihakikishia kwamba kitabu ni kizima. Lakini nami nilikuwa nimeshalifungua neno "serikali" pale pale barabarani, na tangu hapo sikukagua kitu kingine.

Kamusi hii ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotolewa na Oxford University Press, ni zao la Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, na msingi wake ni kamusi ya zamani zaidi ya A. C. Madan. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati hiyo, alifariki kabla haijachapishwa.

Raha yake imo katika mabano madogo ya mwishoni mwa kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, yanayomwambia msomaji kama neno lilitoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi au Ureno. Serikali ni neno la Waajemi, ambao kwao "sar" ni kichwa na "kar" ni kazi, yaani mkuu wa kazi. Sisi tuliokulia katika Luganda tunamwita askari "omuserikale", na nilikuwa nimelitamka jina hilo tangu utotoni bila kufikiri kwamba ndani yake imekaa serikali nzima. Jioni hiyo mama alikuwa amejifunga leesu akichambua maharage. Nilipomweleza kwamba leesu ni leso ya Waswahili, na kwamba leso nayo ni "lenço" ya Wareno, alilishika pindo lake, akauliza kama Wareno nao huibebea watoto.

Kitabu ni mfano mtamu zaidi. Katika "kitab" ya Kiarabu silabi ya kwanza si kiambishi hata kidogo, ila Waswahili waliisikia kama ki- ya kiti, wakapata vitabu, na Waganda wakaja na ekitabo na ebitabo.

Lawama yangu ni kwamba meza hupewa ukoo wake hadi Ureno, ilhali ndovu, nyuki na lima huachwa kimya, utadhani yaliota yenyewe. Msomaji wa Uganda ana nafuu, maana akiweka enjovu karibu na ndovu, enjuki karibu na nyuki, na okulima karibu na kulima, anauona undugu ambao kamusi haikuutaja. Na kadiri anavyosoma magazeti ya Luganda leo, Biblia ya Runyoro kesho na tenzi za Lamu keshokutwa, ndivyo anavyoyajaza mwenyewe mabano yaliyoachwa wazi.

Anayeanza kujifunza Kiswahili atahangaika, kwa kuwa msomaji hatafutwi kwenye M bali chini ya soma, na maana zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Huyo ni afadhali anunue Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mimi siiuzi hii. Kurasa za Z nimezitoa fotokopi kutoka nakala ya rafiki, nikazikunja na kuzichomeka ndani ya jalada, na kila nikikifungua kitabu haraka zinadondoka sakafuni.