Paipu ya mafuta ya shaba-nikeli: miezi 7 kwenye bagi la kujiundia

Niseme mapema kwamba paipu yenyewe haina kosa. Makosa mtakayosoma hapa ni yangu, ukiondoa klipu.

Bagi langu, yaani kigari cha kuzungukia shambani, ni fremu ya bomba niliyoiunda uani kwangu Kigamboni. Injini ni 4A-FE ya Corolla, imekaa nyuma. Tangi liko mbele chini ya boneti, kama Beetle za zamani. Kwa hiyo petroli inasafiri mita 3 na ushee hadi kwenye injini, na isiyotumika inarudi umbali uleule. Mwanzo niliweka mpira mtupu safari nzima. Muuzaji aliniapia: "Huu wa petroli kabisa, bosi." Ubavuni haukuwa na maandishi hata herufi moja. Mwezi wa pili nikipitisha kidole kinarudi na unyevu, nikinusa ni petroli. Injini ya injekta kama hii inataka presha ya karibu baa 3, na mpira wake huwa umeandikwa R9. Ule wa kabureta hauiwezi kazi hiyo.

Mpwa wangu anaishi Leicester, Uingereza. Alipokuja likizo nilimwagiza paipu ya shaba-nikeli ya milimita 8, imeviringwa kama waya, futi 25, pamoja na mita mbili za R9 za kuungia kwenye ncha. Raha yake ni kukunja. Kona pana niliziviringisha kwenye kopo la rangi kwa mikono mitupu. Kona kali tafuta kifaa cha kukunjia, maana ukilazimisha inabonyea kama mrija wa soda. Halafu ikishakunjwa inakakamaa. Ukiinyoosha ukakunja tena palepale, unaitafutia ufa.

Ncha nazo zina kazi yake. Paipu iliyokatwa tu ni laini, presha ikipanda mpira unateleza na kuchomoka. Niliazima kifaa cha kutanulia paipu za breki, nikakaza nusu tu, ncha ikavimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mpira unaruka ule uvimbe, klipu inakaa nyuma yake.

Sasa aibu yangu. Pampu niliifunga nyuma, jirani na injini, kwa sababu tu waya uliishia hapo, na paipu nikaipitisha upande wa eksozi. Asubuhi bagi linawaka vizuri. Jua la saa 7 mchana, baada ya dakika 20 za kuzunguka shambani Kibada, linakohoa, linazima. Likipoa, linawaka kana kwamba halijafanya kitu. Nilibadilisha plagi, koili, filta mara mbili. Jamaa anayenisaidia kuchomelea ndiye aliyegusa paipu, akarudisha mkono haraka: "Kaka, haya mafuta unayapika?"

Pampu ni hodari wa kusukuma, kuvuta hajui. Ikivuta petroli ya moto kutoka mbali, petroli inageuka mvuke njiani na pampu inabaki kutafuna hewa. Nikaihamishia mbele, chini ya usawa wa tangi, nikarefusha waya, na paipu nikaipeleka upande wa kushoto, na klipu zenye raba ndani kila sentimita 30. Kwa kuwa zile kona za zamani hazikufaa tena, nimelazimika kuunga kipande kimoja katikati kwa R9. Kinaniudhi kila nikikiona. Ila bagi halijazima tena, hata Februari joto lilipopamba.

Klipu zilizokuja na paipu ni zile zenye matundu kwenye mkanda. Ukikaza zinakata mpira. Nilizitupa, nikanunua zenye mkanda laini. Nyota moja imeondoka hapo, nimetoa 4.

Kabla ya kuwasha nilifungua swichi tu pampu ifanye kazi, nikapitisha karatasi ya chooni kila kiungo, kizimia moto kikiwa miguuni. Karatasi ilitoka kavu.

Mpwa anarudi Desemba. Nimeshamwagiza nyingine, ya inchi 3/16, ya breki.