Miezi saba na sensa (kihisi) ya kimeng'enya: kupima fenoli kwenye majitaka ya kiwanda cha juisi

Kazi yangu ni kuchunga majitaka yasiingie kwenye matangi ya bakteria wanaoyasafisha yakiwa na fenoli nyingi, yaani kemikali za mimea zitokazo kwenye matunda na maganda. Zikizidi, bakteria hudhoofika, na kuwarudisha katika hali yao si kazi ya siku moja. Zamani tulitegemea kemikali ya Folin-Ciocalteu: unachanganya na sampuli, unasubiri rangi ya buluu ikolee, unaisoma kwa mwanga wa nanomita 765. Jibu likija, maji yenyewe yameshapita. Tena kemikali ile haichagui, hata vitamini C huihesabu kama fenoli.

Sensa tunayotumia sasa ina tirosinasi juu ya elektrodi ya kaboni. Kimeng'enya hicho hutumia oksijeni iliyomo majini kugeuza fenoli kuwa katekoli, kisha kwinoni. Kwinoni ikipokea elektroni kwenye elektrodi, mkondo mdogo wa umeme hupita. Nikidondosha sampuli kwenye bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya fosfeti ya pH 6.5, mstari hupanda kwenye skrini na kutulia kabla ya dakika mbili. Kwa kasi hiyo nawahi kufunga vali. Hilo peke yake limenifanya niipende.

Ila iliwahi kunidanganya. Alfajiri moja ilisoma karibu na sifuri, na maji mbele yangu yalikuwa ya kahawia iliyokolea, yananuka maganda. Nikaongeza katekoli ya kiasi ninachokijua. Mstari haukufika hata nusu ya kawaida. Kumbe usiku walikuwa wameosha matangi ya kinywaji chenye sodiamu benzoeti, na benzoeti huzuia tirosinasi! Tangu siku hiyo kila sampuli naijaribu kwa katekoli. Mstari usipopanda inavyotakiwa, nazimua sampuli kwa bafa na kurudia.

Klorini ya kuoshea mabomba nayo huua kimeng'enya, basi siku hizo napima klorini kwanza. Kwinoni huacha utando wa kahawia kwenye elektrodi, na usomaji hushuka taratibu. Mimi naibadilisha baada ya sampuli 40 hivi. Za akiba nazihifadhi kwenye nyuzi joto 4.

Wenye viwanda vya nafaka nawashauri waulize kuhusu sensa ya lakasi, kimeng'enya kingine, kwani asidi ya feruliki, fenoli iliyomo kwenye pumba, tirosinasi haiishiki vizuri. Kwa majitaka ya matunda, nitaagiza hii hii tena.