Uzoefu wangu: boti tatu, Ziwa Turkana na skurubu moja ya hewa

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule kijana wa boti ya pili, kampuni isijihesabie.

Tulikodi kwao safari ya siku tatu, abiria kumi na wanne, boti tatu za faiba zenye injini ya nguvu za farasi 40 kila moja. Njia ilikuwa hivi: kuanzia Longech, ng'ambo ya Ghuba ya Ferguson, kuvuka hadi Kisiwa cha Kati, kulala huko, kisha kushuka kusini hadi Eliye Springs. Ilikuwa mwaka juzi hivi, labda mwanzoni mwa ule uliofuata, msimu ambao upepo haulali. Jina lao silitaji. Wakisoma watajijua.

Uzuri wa ziwa sielezi, picha ziko kila mahali. Nataka kuzungumzia skurubu.

Tangi la petroli la injini ya boti, lile jekundu la kubebeka la lita 25, lina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna skurubu ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kuingiza hewa. Injini inaponyonya petroli, lazima kitu kijaze pengo linalobaki ndani. Skurubu ikiwa imefungwa, hakuna kinachoingia, tangi linaanza kujikaba lenyewe, na mwisho injini haina nguvu tena ya kuvuta hata tone. Unapolipakia tangi kwenye gari unaifunga, petroli isimwagike na mvuke usiwalevye abiria; na kutoka mji wa Lodwar hadi Kalokol, kando ya ziwa, ni kama kilomita 60 za kutikiswa. Ukifika ufukweni, unaifungua. Mizunguko miwili, mkono mtupu, hakuna spana.

Hawakuifungua.

Uchungu zaidi ni kwamba kosa hili halijionyeshi mapema. Tulipangiwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kumbe ada ya kuingia kisiwani, ambayo KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hupokea kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, ilikuwa haijalipwa, na mtandao wa Kalokol siku hiyo unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. (Hiyo hulipwa ukiwa Lodwar, usiku wa kuamkia safari, na risiti unaipiga picha.) Tukaondoka karibu saa tatu. Muda wote huo matangi yalikuwa juu ya mchanga, juani, yamefungwa. Petroli ikipata joto hutoa mvuke, na tangi likavimba mbavu. Kwa hiyo mwanzoni injini haikuhitaji kunyonya: presha ilikuwa ikiisukuma petroli yenyewe. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza na watu wakapiga makofi. Presha ilipokwisha, na tangi limepozwa na maji ya ngamani, chini kabisa ndani ya boti, ndipo ubanaji ulipoanza. Dakika ishirini na kitu. Yaani muda uleule unaotosha kukutoa nyuma ya ulimi wa mchanga wa Longech, mahali pa kinga, na kukufikisha mahali mawimbi yanapoanza kweli.

Dalili zake ni wazi kwa anayezijua. Injini haizimi ghafla kama iliyokatwa umeme. Inapungua nguvu, inakohoa, inajitahidi tena, inakufa. Ukitazama kile kipira cha kupampia kwa mkono kilicho katikati ya mpira wa mafuta, utakikuta kimebonyea kama chungwa lililonyonywa. Ukikipampu mara kadhaa injini inawaka, inaenda dakika mbili, inakufa tena. Mwenye dalili hizo tatu aende moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi. Kama hewa iko wazi, ndipo aangalie kiunganishi cha mpira kwenye injini, kile kiduara cha raba ndani yake kikichakaa kinavuta hewa badala ya mafuta (hapo kipira hakibonyei, kinabaki laini tu, hakikazi hata ukikipampu). Halafu kama mshale wa kipira unaelekea kwenye injini. Halafu maji ndani ya petroli. Plagi ni za mwisho kabisa.

Fundi wao alianza na plagi. Akafungua boneti ya injini katikati ya mawimbi, akazing'oa plagi zote mbili kwa koleo, maana spana ya plagi haikuwepo, moja ikadondoka ngamani kwenye maji yenye mchanga. Akaisafisha kwa shati. Akairudisha. Akapampu, injini ikawaka, akasema "Mnaona?" Ikafa. Akazitoa tena. Robo tatu ya saa, boti imelala ubavu kwa mawimbi, watu watano wanakumba maji kwa mtungi uliokatwa ambao pwani tungeuita upo na tungeufunga kwa kamba usipeperuke. Huu wetu ulipeperuka.

Ndipo msimamizi wa safari akasogea na boti yake. Nikamwuliza kwa upole, naapa kwa upole, kama hewa ya tangi iko wazi. Akajibu, "Mzee, hewa si ndiyo hii, ziwa zima, hujaiona? Nyinyi watu wa pwani mnapenda kulalamika." Watu wakacheka. Jibu lenyewe, nikisema kweli, lilikuwa zuri. Lakini alilitoa akiwa amesimama kwenye boti inayokwenda.

Skurubu ilifunguliwa hatimaye na mkono wa abiria. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, sauti ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Injini ikawaka na haikuzima tena hadi jioni. Na msimamizi akasema nini? "Kumbe ilikuwa hewa tu." Tu!

Boti ya pili haikupata tabu yoyote, na sababu yake itawachekesha: tangi lake halikuwa na kifuniko. Kilipotea zamani. Kijana aliyekuwa nahodha alikuwa ameziba kwa kitambaa, na kitambaa kinapitisha hewa. Sisifu kitambaa; kinapitisha maji ya mawimbi pia, na ndiyo maana alikikunja mara nne na kukifunika kwa karatasi ya nailoni upande wa joshi, upepo unakotoka. Alijua anachofanya. Ni yeye pia aliyetufunga kamba na kuikamata omo yetu, pua ya boti, ielekee kwenye upepo wakati wenzake wanabishana. Kamba yenyewe ilikuwa mita sita, fupi mno kwa kuvuta boti kwenye mawimbi: boti mbili zinapandana na kugongana. Ya kuvutia iwe mita 20 au zaidi, ili boti zote mbili ziwe juu ya wimbi kwa wakati mmoja. Nanga isitegemewe, ukitoka kidogo tu kamba haifiki chini. Kama huna mwenzako wa kukuvuta, funga ndoo imara kwa kamba ndefu na uitupe kutoka omo. Ndoo inakokota maji, boti inageuka uso kwa upepo, na hapo unaweza kutengeneza injini bila kuogeshwa.

Tulibahatika kwa upande tuliokuwa. Upepo wa Turkana hutoka kusini-mashariki, na ukizimikiwa kati ya Longech na kisiwa unasukumwa kurudi bara, ufuo wa magharibi. Mwendo wa aibu, lakini unafika. Ukizimikiwa ukitokea Loiyangalani, ng'ambo, upepo uleule unakutoa ufuoni na kukupeleka katikati ya ziwa. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Sisemi skurubu iliwaua. Nasema mtu anayechukua pesa kupeleka vikundi kwenye ziwa hili hana haki ya kuchekea swali kuhusu petroli.

Na upepo huo una saa zake. Siku nyingi hushika nguvu usiku, ukawa mkali kabisa asubuhi, kisha ukalegea kadiri mchana unavyochemka. Kampuni inauza "kuondoka alfajiri, kabla ya jua" kana kwamba jua ndilo adui. Jua linazuiwa na kofia. Kutoka ncha ya Longech hadi kisiwani ni kama kilomita 12, kitu cha saa moja kwa boti iliyopakiwa. Ukiondoka saa nane mchana ziwa likiwa limetulia, bado una mwanga wa kutosha kushuka, kupanda kambi mbali na maji na kuhesabu watu. Lakini usiniamini mimi wala kalenda, waulize wavuvi wa siku hiyohiyo. Wakiwa wamevuta boti zao mchangani, nawe vuta yako.

Njia pia waliipanga kinyume. Eliye Springs iko kusini mwa kisiwa, karibu kilomita 30. Ukitoka kisiwani kuelekea Eliye, upepo unakuja usoni upande wa kushoto, kila wimbi linapasuka juu ya mizigo, na petroli inakwenda maradufu. Ukianzia Eliye unakuwa nao nyuma, upande wa kulia, unakusukuma hadi kisiwani, na siku ya mwisho unabaki na kipande kifupi cha kurudi Longech. Ziwa lilelile, pesa zilezile, tofauti ni mtu kutazama ramani na upepo kwa pamoja kwa dakika tano.

Petroli: kwa injini ya 40 ya tustroki yenye abiria watano na mizigo, mimi hupiga lita moja kwa kilomita. Njia yote na mizunguko ni kilomita 45, ongeza nusu yake kwa upepo na makosa, zinakuwa kama lita 70, matangi matatu kwa kila boti. Walileta mawili. Oili ni nusu lita kwa kila tangi la 25 kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, na ichanganywe ufukweni, si botini. Kwenye maji ya kunywa walijitahidi, nakiri. Watu kumi na saba pamoja na manahodha, lita tano kila mmoja kwa siku, siku tatu, ni lita 255, yaani mitungi kumi na mitatu ya lita 20, na mitungi ilikuwepo yote. Maji ya ziwa ni ya magadi, hayakati kiu. Maboya ya kuvaa yalikuwepo pia, mazima, ya saizi za watu wazima.

Jambo ambalo sikulitegemea ni visiki. Ziwa limepanda miaka hii, na ufuo wa zamani uko chini ya maji pamoja na mathenge yake yote, ile miti ya miiba. Ukikaribia bara nje ya njia ya wavuvi, propela inakula matawi. Mpira ulio ndani ya propela ukiteleza, injini inapiga kelele nyingi na boti haiendi. Ukipunguza mafuta inashika tena, basi unarudi taratibu hivyohivyo. Propela ya akiba, pini yake na spana ya saizi yake vikae boti moja, na kila nahodha ajue ni ipi. Hapa ilibidi nibadili mawazo kidogo kuhusu hawa watu, maana yule kijana alikuwa na propela ya akiba chini ya kiti chake, yake mwenyewe, si ya kampuni, na alitupitisha kwenye visiki vya Eliye akisoma rangi ya maji tu.

Basi tuseme nyota mbili. Kisiwa chenyewe, ukisimama kwenye ukingo wa kreta na kutazama lile ziwa la mamba chini yako, kinastahili tano, lakini hakikujengwa na kampuni. Chakula kilikuwa kizuri. Samaki walisafishwa mbali na kambi kama inavyotakiwa mahali penye mamba wengi namna ile. Na msimamizi usiku wa pili alileta chai mwenyewe, akakaa, akanyamaza, nikadhani anataka kuomba radhi.

Aliuliza kama tutawaandikia maoni mazuri.

Moja, basi. Niliomba turudishiwe sehemu ya pesa ya siku ya kwanza, nikajibiwa kwamba tulifika. Ndiyo, tulifika. Nikirudi Turkana, na nitarudi, nitashukia Kalokol na kukodi boti moja kwa moja kwa wavuvi wenyewe, nikague matangi yote kwa mkono wangu kabla ya mtu kupanda, vifuniko, skurubu, mipira. Mwenye kwenda kabla yangu akimpata yule kijana wa boti ya pili, asimnunulie kifuniko kipya bila kumwonyesha skurubu ya hewa.