Mikono ya Vitasa vya Milango: Upi Ununue Kwanza, Upi Uuache Dukani

Wengi wetu huanza kutafuta mkono mpya wa kitasa siku ule wa zamani unapong'oka na kubaki kiganjani, kisha tunakwenda dukani na kuchagua kwa macho. Nami nilifanya hivyo nilipotaka kubadilisha mikono ya milango minne ya nyumba yetu Kigamboni. Nilinunua Kariakoo mikono yenye rangi ya dhahabu, nikafika nyumbani na kukuta kwamba tundu la ufunguo kwenye bamba jipya limekaa chini ya tundu la mlango kwa zaidi ya sentimita moja. Muuzaji hakukubali kurudishiwa bidhaa iliyokwisha kufunguliwa, na fundi akashauri tutoboe upya milango yote minne, milango ya mninga ambayo marehemu baba aliigharimia kwa miaka. Tangu siku hiyo sinunui mkono kabla sijajua vipimo vya kitasa kilichomo ndani ya mlango.

Vipimo vyenyewe ni vichache, na vinachukuliwa kwa rula ya kawaida yenye milimita. Cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya chuma cha pembe nne, kile kinachounganisha mkono wa nje na wa ndani, hadi katikati ya tundu la ufunguo. Vitasa vya mtindo wa Ulaya bara mara nyingi huwa na milimita 72 au 85, ilhali vya mtindo wa Uingereza vinavyotumia ufunguo mrefu wa zamani mara nyingi huwa na milimita 57, na mitindo yote miwili imechanganyika katika nyumba zetu kulingana na mwaka ambao nyumba ilijengwa na meli iliyoleta mzigo. Cha pili ni unene wa hicho chuma cha pembe nne, ambacho kwa kawaida ni milimita 8. Kikiwa chembamba kuliko tundu lake, mkono utachezacheza hata ukiukaza vipi. Cha tatu ni unene wa mlango, kwa sababu mkono uliotengenezwa kwa mlango wa milimita 35 hautaufikia mlango wa mbao nzito wa milimita 45 bila chuma na skrubu ndefu zaidi. Viandike kwenye karatasi, upige na picha ya bamba la zamani ukiwa umelaza rula juu yake. Njia ya uhakika zaidi ni kuufungua mkono wa zamani na kwenda nao dukani.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha pia kwamba ugonjwa uko kwenye mkono. Mkono unaoning'inia hulaumiwa bure mara nyingi, kwani katika vitasa vingi vya kuchimbia, yaani vile vinavyozamishwa ndani ya unene wa mlango, springi inayourudisha juu imo ndani ya kitasa chenyewe. Fungua mikono yote miwili, acha chuma cha pembe nne peke yake, kizungushe kwa koleo kisha ukiachie. Kikirudi kwa nguvu, kitasa ni kizima na mkono ndio wa kubadilisha. Kikirudi kwa uvivu au kisiporudi kabisa, nunua kitasa kipya, la sivyo mkono mpya nao utaanguka baada ya muda mfupi.

Sasa kuhusu uchaguzi wenyewe. Ninaouweka nafasi ya kwanza kwa nyumba nyingi, hasa za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ni mkono wa kubonyeza chini, wenye bamba refu, uliotengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Sababu ya kwanza ni hilo bamba refu: linafunika makovu. Mlango uliokwisha kubadilishiwa vitasa mara mbili una matundu ya skrubu za kale, rangi iliyobanduka na alama ya bamba lililotangulia, na bamba refu huyaficha yote bila kumwita fundi wa rangi. Sababu ya pili ni chumvi ya bahari, ambayo haina huruma na chuma cha kawaida. Chuma cha pua hugawanywa kwa madaraja; la 304 linafaa ndani ya nyumba, na la 316, ambalo limeongezwa molibdeni ili kustahimili chumvi, ndilo la mlango unaotazama bahari. Ukipata la 316 utalipa zaidi, lakini kwa mlango wa mbele mimi ningelipa. Nenda na kisumaku kidogo dukani: kiking'ang'ania mkono kwa nguvu, yaelekea umeshika chuma cha kawaida kilichopakwa juu au chuma cha pua cha daraja la chini, hata kama boksi limeandikwa maneno matamu. Kisiponata, bado usiridhike haraka, kwani alumini na aloi ya zinki (zinki iliyochanganywa na metali nyingine) nazo hazishikwi na sumaku.

Nafasi ya pili ninaipa shaba ya manjano iliyo shaba kweli hadi ndani, wala si rangi ya shaba. Anayetilia shaka uimara wake na aende Mji Mkongwe akaitazame milango ya kale yenye vichwa vya shaba, ambavyo vimekaa kwenye upepo wa bahari kwa vizazi. Shaba hufifia na kuwa ya kahawia, lakini kufifia si kuoza. Ukiisugua kwa limau na chumvi na kuisuuza vizuri, hung'aa tena. Haikuchukua nafasi ya kwanza kwa sababu ni ghali, na kwa sababu si kila familia ina mtu mwenye moyo wa kusugua mikono kumi na miwili kila baada ya miezi michache.

Wa tatu ni mkono wa kubonyeza wenye bamba dogo la duara badala ya refu. Ni mzuri kwa macho na unaupendezesha mlango mpya wa chumba cha kulala. Kwa mlango wa zamani, hata hivyo, unaacha makovu yote wazi, na skrubu zake mara nyingi hukaa karibu na tundu lililochimbwa, mahali ambapo mbao imekwisha kulegea.

Vitasa vya kitufe cha mviringo, vile vya kuzungusha kwa kiganja kizima, naviweka nafasi ya nne, tena kwa choo na stoo tu. Mtu mzima mwenye maumivu ya viungo, au mama mwenye ndoo mkononi, hawezi kukizungusha, ilhali mkono wa kubonyeza anausukuma kwa kiwiko. Tena havikai kwenye tundu la kitasa cha kuchimbia: vinahitaji tundu kubwa la duara, kwa kawaida la milimita 54, likitobolewa huwezi kurudi nyuma kwa urahisi. Ukivinunua kwa choo, chagua chenye kijitundu au mfereji upande wa nje, ili mtoto akijifungia ufungue kwa sarafu badala ya kuvunja mlango.

Mikono ya aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu au fedha inabaki ya mwisho, nayo ndiyo inayojaa madukani. Ile yangu ya Kariakoo, baada ya masika moja, ilianza kutoka malengelenge madogo pale kidole gumba kinapogusa, kisha ngozi ya dhahabu ikabanduka na kuacha kijivu kinachopaka viganja. Kwa nyumba ya kupanga ya Dodoma au Tabora, mbali na bahari, sitamcheka anayeinunua. Pwani, ni kununua mara mbili.

Kufunga si kazi ya kuogofya. Uache mlango wazi na uukingie kabari tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maana mtu akiufunga huku mikono imetolewa, atakayekuwa ndani atabaki ndani. Fungua skrubu za zamani kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, na kama mkono umeshikwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa chini ya shingo yake, tumia ufunguo wa L. Tundu lililolegea lijaze njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, uzikate ziwe sawa na uso wa mlango, uache zikauke usiku kucha. Kwenye mninga au mvule toboa kwanza kwa drili ya sindano nyembamba kuliko skrubu, na kama skrubu ni za shaba, tangulia na ya chuma ya saizi ile ile ili itengeneze njia, kisha upake ya shaba sabuni kavu. Shaba ni laini, hukatika kichwa ndani ya mbao ngumu, na kukitoa kipande kilichobaki ni kazi ya nusu siku. Chuma cha pembe nne kikizidi urefu, kikate kwa msumeno wa chuma; kisipokatwa kitasukuma bamba lisilale.

Kaza skrubu zote nusu kwanza, bonyeza mkono mara kadhaa, ingiza ufunguo na uuzungushe, ndipo umalizie kukaza, kwa mkono na si kwa drili. Ufunguo ukiwa mzito, kwangua risasi ya penseli uipulizie tunduni. Mafuta ya kula hunasa vumbi na kuifanya hali kuwa mbaya zaidi. Ulimi wa kitasa usipoingia kwenye fremu, upake chaki, funga mlango taratibu, uone umeacha alama wapi kwenye bati la fremu, na upanue hapo kwa tupa au patasi. Baada ya wiki mbili tatu mbao huwa imejikaza upya, na skrubu huomba robo mzunguko mwingine.