Apu ya teksi Mombasa: eti "mteja hakutokea"

Gari safi, dereva mwenye adabu, bei unaijua kabla hujaweka mguu ndani. Hayo sina ugomvi nayo, na mtu angeniuliza kabla ya usiku ule ningemwambia apakue apu hii mara moja. Sasa nasema hivi: ukiwa Nyali, ndani ya hoteli yenye steji ya teksi langoni, usiitegemee. Itakwambia gari limefika, na kweli litakuwa limefika, lakini wewe hutalipanda.

Mimi ni mpishi wa harusi. Ilikuwa msimu ule harusi zinapobanana kabla ya Ramadhani, katika ukumbi wa hoteli moja ya ufuoni, na mpaka tumalize kugawa na kuosha usiku ulikuwa umekwenda sana. Masufuria makubwa yaliondoka mapema na pikapu. Mimi na msichana anayenisaidia tulibaki na masinia, mapawa, kikapu cha visu na sufuria ya pilau tuliyopewa na wenye harusi. Nikaita gari hadi Tudor, shilingi mia nne. Simu ikaonyesha Vitz nyeupe inakuja. Nikashukuru Mungu.

Ile Vitz ilifika langoni na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Wanaume wa steji waliizunguka kabla dereva, kijana tu, hajazima taa. Mmoja akapitisha mkono dirishani akachomoa ufunguo. "Hapa gari ya simu haipakii," akasema mkubwa wao. Nikamwambia, kaka, mimi ndiye niliyemwita. Akanijibu bila hata kunitazama, "Mama, chagua gari hapa, ama beba vyako utoke nje barabarani." Nikauliza bei yao hadi Tudor. Elfu moja na mia mbili. Kutoka Nyali! Daraja lenyewe unaliona kabla hujamaliza kukaa vizuri kwenye kiti.

Nikamgeukia soja wa lango, yule yule aliyefunua kila mfuniko wangu jioni nilipokuwa naingia. Akaangalia pembeni. "Mambo ya teksi si yangu mimi, mama."

Kijana wa watu aliambiwa alipe faini ndipo arudishiwe ufunguo. Faini ya nani? Ya sheria gani? Aliitoa kwa M-Pesa mbele ya macho yangu, akanitazama kwa haya, akageuza gari akaenda zake. Simlaumu. Alikuwa peke yake na wao walikuwa kundi.

Sasa sikilizeni. Nimesimama pale pale, sinia mkononi, simu ikalia. Ujumbe wa apu: safari imekatizwa, mteja hakutokea, na nikatwe ada ya kumsubirisha dereva. Mteja hakutokea! Mimi niliyekuwa nikipiga kelele langoni mpaka wageni wa harusi wakatoka kutazama! Pesa yenyewe haikuwa nyingi, lakini neno lile lilinichoma kuliko ile elfu na mia mbili. Nikaandika malalamiko papo hapo, kwa herufi kubwa. Jibu likaja haraka ajabu: tunasikitika kwa usumbufu, timu yetu inalishughulikia suala lako. Nikaandika tena, nikaeleza ufunguo, nikaeleza faini. Jibu lile lile, neno kwa neno. Hakuna mtu upande wa pili. Hakuna namba ya kupiga.

Nyinyi wenye apu, hamjui kwamba hili linatokea? Tangu Uber ilipofika Mombasa mwaka 2016 hakuna dereva wa apu asiyejua lango gani haliingiliki. Nairobi mwaka huo huo magari yalishambuliwa, hata kuchomwa moto. Madereva wenu wanaambizana katika makundi yao ya WhatsApp, hapa simama mbali, hapa ondoa simu kwenye dashibodi, mwambie abiria akae mbele kama ndugu yako. Kama dereva anajua, kampuni inajua. Basi kwa nini ramani yenu inaniwekea pini ndani ya lango? Kwa nini isiniambie mapema kwamba hapa gari halitaruhusiwa, tembea hadi barabara kubwa? Ningejua, ningejipanga.

Na msiniambie ni suala la serikali. Hilo ndilo nililoambiwa baadaye na kila niliyemuuliza. Ni kweli zipo kanuni, zilitolewa mwaka 2022, na zinataka kampuni ya apu iwe na leseni ya NTSA, ile mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, na isimkate dereva zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Katika mia nne yangu hiyo ni shilingi 72. Sawa, nafurahi kwa ajili ya kijana yule ikiwa inafuatwa. Lakini maegesho, kwa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Na lango ni la mwenye hoteli. Kwa hiyo leseni inatoka huku, steji inatoka kule, lango lina mwenyewe, na mimi niliyesimama katikati na masinia saa nane za usiku sina wa kumwendea. Kila mmoja ana karatasi yake. Aliyekuwa na ufunguo wa gari mkononi ndiye aliyekuwa serikali usiku ule.

Tulibeba vitu kichwani. Msichana wangu alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikusikia uzito.

Hatukufika mbali. Nyuma yetu ikaja teksi ya mstari wa manjano, Toyota kuukuu, na ndani yake mzee mmoja wa steji ile ile, ambaye wakati wa fujo alikuwa amekaa kimya kwenye kiti cha plastiki. Akasema, "Mwanangu, ingia. Utanipa mia sita." Nilitaka kumtukana, wallahi. Lakini usiku ulikuwa mkubwa na msichana nilikabidhiwa na mama yake. Nikaingia.

Njiani mzee akazungumza. Hakuwatetea wenzake kuhusu ufunguo, alisema ule ni uhuni na aliwaambia hivyo. Lakini akaniuliza kama najua bima ya gari la abiria inauma vipi, kama najua ukaguzi wa kila mwaka, stika ya kaunti, kiingilio cha steji alicholipa zamani kwa kuuza mbuzi wa watu wa kwao. Alipoanza kazi, ndege moja ya watalii ikitua Port Reitz ililisha nyumba yake wiki nzima. Sasa mgeni anatoka na simu tayari mkononi, na kijana anayempakia huenda gari lenyewe si lake, analipa tajiri kila jioni, na kwa nauli za apu hajui kama mafuta yatarudi. "Yule si adui yangu," akasema. "Yule ananyonywa kuliko mimi."

Nikanyamaza, kwa sababu aliyoyasema ni kweli. Tangu 2024 si nimeona madereva wa apu wenyewe wamebandika karatasi za bei zao ndani ya gari, wakikwambia nauli ya kwenye simu haitoshi? Mimi mwenyewe nimewahi kupigiwa na dereva, "Unaenda wapi? Unalipa ngapi?" na nikisema ni ile iliyoandikwa, anakatiza. Hivyo ile bei ya kujulikana niliyoisifu pale juu, naiondolea nusu ya sifa. Inajulikana mchana, mvua isiponyesha, na dereva akiwa hana njaa.

Lakini mzee, na heshima zako zote, shida zenu zisibebwe na kichwa changu. Steji ikitaka haki iende kaunti, iende mahakamani, ikae barazani na hao wenye apu. Kumnyang'anya kijana ufunguo mbele ya mama mtu mzima ni unyang'anyi, na hoteli inayouona ikaangalia pembeni inashiriki. Nimemwambia meneja wao hivyo. Harusi nyingine nikiitwa pale, usafiri wa wapishi hadi mlangoni utakuwa ndani ya bei yangu, asiyetaka atafute mpishi mwingine.

Apu nayo? Baada ya kuandika na kuandika wamenirudishia, si pesa, bali kuponi ya safari ijayo, yenye tarehe ya kuisha. Sitaki kuponi. Nataka ile "mteja hakutokea" ifutwe kwenye jina langu, maana nilitokea. Bado nitaiita mchana nikitoka Kongowea na vitunguu vyangu, sitadanganya, kwa sababu pale hakuna anayemzuia dereva na bei inanisaidia. Usiku, na kwenye lango lolote la hoteli, ninayo namba ya yule mzee.

Nyota moja. Nilipoanza kuandika nilikusudia mbili. Kijana wa Vitz nilitaka kumpa tano zake, maana alipiga simu asubuhi yake kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake, lakini apu haikunifungulia mahali pa kumpa. Kwa hesabu yao safari ile haikuwepo.